Jina la Kienyeji

Saa tisa na nusu alasiri, na Aberdeen imeshafumba macho.
Huku chini, kwenye ghala la majani makavu,
kipasha joto kinakohoa,
nami nabandika.
Gundi, brashi, uzi mweupe, karatasi nene.
Jani lililokaa miaka tisini halitaki papara:
ukilishika kwa pupa linakuachia unga kiganjani
kama ugoro.

Kabati la kumi na saba. Uluguru, 1934.
Msafara wa Bwana Gillanders,
wapagazi kumi na wanne (majina hayakuandikwa),
madebe ya spiriti, magazeti ya kukaushia,
mvua, mvua, mvua, lasema daftari,
na ruba hadi ndani ya soksi.

Mimi ni wa Kihonda.
Mlima ule niliutazama kila asubuhi nikipiga mswaki,
sikuupanda hata siku moja.
Nimekuja kuupanda huku, chini ya ardhi ya Uskoti,
karatasi kwa karatasi:
kangaga la bondeni, begonia mwitu yenye shina jekundu bado,
tugutu, halafu kivumbasi,
ambacho ningekitambua hata gizani.
Nilikiinamia nikakinusa kama mwendawazimu,
nikaambulia naftalini.

Kila karatasi ina lebo,
kila lebo ina mstari wa jina la kienyeji,
mwandiko umelala upande
kama mtu anayepanda akipigwa na upepo.
Namba 211: Sijui.
Namba 212: Sijuwi.
Namba 213, majani yenye manyoya: Usiguse.
Namba 219: Huo Huo wa Jana.
Namba 224: Tumechoka Bwana.

Nilicheka hadi gundi ikamwagika.
Ishbel akaja na kikombe chake cha chai, kuna nini?
Yeye ndiye aliyeyaingiza kwenye kompyuta,
miaka kumi na miwili iliyopita, herufi kwa herufi,
kwa adabu zote. Ukitafuta Usiguse leo
inakuletea ramani, na kidoto chekundu.
Nikamweleza.
Hakucheka mara moja. Alivuta kiti, akauliza:
"Ni nani aliyekuwa akijibu?"

Lebo inasema "kijana mwenyeji", basi.
Labda debe lilikuwa kichwani, shingo inawaka,
na mzungu amechuchumaa mbele ya gugu
anataka jina la gugu.

Lakini namba 230.
Ua dogo, rangi imekimbia,
mizizi ingali na udongo, punje tatu nyekundu,
nilizihesabu.
Hapo hapana utani. Jina la kienyeji: Lunyenyezi.
Na chini yake, kwa penseli:
alilitamka mara mbili, polepole, ili niliandike sawasawa.

Kwa nini hili?
Lilimponya mtu wake? Au mvua ilikuwa imekatika tu,
wamekula, wamekaa juani,
na siku hiyo alijisikia kusema?

Nikampigia mama. Kwake ni saa ya kuanua nguo.
Yeye ni mzaliwa wa Matombo,
bibi yake alichimba dawa hukohuko juu,
kikapu mgongoni, jembe bega hili.
Nikalitamka mara mbili, polepole.
Pikipiki ikapita. Kuku akalalamika.
"Rudia tena."
Nikarudia.

"Sijui," alisema. "Bibi angejua.
Kwani huko kote mliko
hakuna wa kumuuliza?"

Ishbel, vidole juu ya kibodi,
ananisubiri.